Gogo Lina Alama ya Nyundo, Mkataji Hana Jina

Mti ukikatwa kwa kufuata sheria katika Tanzania, hauondoki shambani wala msituni bila karatasi. Aliyeomba kuuvuna ana kibali kinachotaja aina ya mti na kiasi kitakachovunwa. Ushuru umelipwa na stakabadhi ipo. Gogo limegongwa nyundo ya afisa misitu ili lijulikane kuwa ni halali, na gari litakalolibeba lina hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo dereva huitoa kila anaposimamishwa kizuizini. Lori la mbao linalopita katika barabara kuu ya Sirari kwenda Mwanza, likaivuka njia panda ya Musoma na kuingia Bunda, laweza kujieleza lote kwa karatasi: limetoka wapi, limebeba nini, na mzigo ni wa nani.

Jambo moja tu halimo katika karatasi hizo zote, nalo ni jina la mtu aliyeukata mti.

Huenda wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, kwa kuwa Serikali hutoza ushuru wa mti na wala haitozi ushuru wa jasho. La hasha. Siku mti unapomwangukia mkataji, au msumeno unapomrukia, swali la kwanza litakaloamua kama atapona au ataishia kuwa mzigo wa ndugu zake halitakuwa swali la ushujaa wake, wala la ufundi wa daktari peke yake. Swali litakuwa kama jina lake liliandikwa mahali popote kabla msumeno haujawashwa. Jambo hilo linawahusu sana watumishi wa umma na walimu wa Mkoa wa Mara, kwa sababu wao ndio washika kalamu.

KAZI ISIYOONEKANA

Mkoa wa Mara hausifiki kwa misitu ya kupandwa kama ile ya Sao Hill kule Mufindi. Hata hivyo, hakuna siku inayopita bila mti kuanguka. Mikaratusi iliyozunguka miji ya wananchi katika Wilaya ya Butiama na Musoma Vijijini hukatwa kwa ajili ya nguzo na mbao za kupaulia. Matanuri ya matofali ya kuchoma yanayoonekana kandokando ya vijiji vya Bunda hula magogo kwa wingi. Waunda mitumbwi wa pwani ya ziwa wanahitaji mbao ngumu na ndefu. Wachoma samaki wanahitaji kuni. Shule zinahitaji madawati, milango na, mahali pengi, kuni za kupikia uji wa wanafunzi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, utapunguza kuni jikoni. Lakini hautaondoa nguzo, mbao wala dawati.

Kazi hiyo yote hufanywa na watu wachache wanaokwenda wawiliwawili au watatuwatatu, wenye shoka, panga, kamba na msumeno. Baadhi yao bado wanapasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni chini yake, macho yakiwa yamejaa unga wa mbao. Wengine wamepata msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ambao mara nyingi si mali yao bali umekodishwa. Helmeti hawana, viatu vyenye ncha ya chuma hawana, na wengi hukata miti wakiwa wamevaa kandambili. Mwenye mti huwalipa kwa mti, kwa ubao au kwa siku, na siku ikiisha hajui walikolala.

Hatari ya kazi hiyo inafahamika duniani kote. Shirika la Kazi Duniani limeihesabu kazi ya misitu miongoni mwa kazi zenye hatari kubwa kuliko zote, na mwaka 1998 lilitoa mwongozo maalumu wa usalama na afya katika kazi za misitu. Hata Marekani, nchi yenye mitambo na kofia ngumu za kila aina, takwimu za serikali yake za mwaka 2022 zilionyesha vifo vipatavyo 100 kwa kila wakata miti 100,000, wakati wastani wa wafanyakazi wote wa nchi hiyo haukufika vifo 4. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtu aliyevaa helmeti, msomaji na apime mwenyewe hali ya aliyevaa kandambili.

Sababu za ajali hizo nazo si siri. Mti ulioegemea mti mwingine huteleza ghafla mtu anapojaribu kuuangusha. Tawi lililokatika na kunasa juu hushuka bila sauti. Ncha ya msumeno wa mnyororo ikigusa ubao mgumu, msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika. Gogo lililo kwenye mteremko hubingirika baada ya kukatwa tawi lililokuwa limelishikilia. Shimo la kupasulia mbao huporomoka baada ya mvua. Kila moja ya sababu hizo ina kinga yake inayofundishika: kusafisha njia mbili za kukimbilia kabla ya kuanza kukata, kutazama juu, kuweka kabari, kutofanya kazi peke yake, kutomruhusu mtu kusimama upande wa chini wa gogo.

Kwa hiyo msemo wa kwamba ajali haina kinga, unaotolewa upesi sana kila mara mnyonge anapoumia, yafaa uangaliwe upya. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefiwa. Haukuwekwa ili mwajiri ajifiche nyuma yake.

SAFARI YA KUPONA

Ili jambo lenyewe lieleweke, na achukuliwe kwa mfano kijana mpasua mbao wa kijiji kimojawapo cha Butiama, mwenye mke na watoto watatu, aliyeajiriwa kwa wiki tatu kuangusha na kupasua mikaratusi. Gogo limebingirika na kumvunja mfupa wa paja. Hali kama hiyo ni ya kawaida katika kazi hiyo, na yale yatakayomfika ni ya kawaida pia.

Saa za kwanza ndizo za kuokoa uhai. Mfupa wa paja ukivunjika, damu ipatayo lita moja na zaidi yaweza kuvujia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Mguu wapaswa kufungwa gango ili usitikisike, jeraha lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe hospitali akiwa amelazwa. Badala yake wenzake, kwa upendo wote walio nao, humpakiza kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia. Si kosa lao. Hakuna aliyewafundisha, na kisanduku cha huduma ya kwanza hakikuwapo.

Kisha huja siku za hospitali. Mgonjwa hufikishwa Musoma, katika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, hospitali ambayo wananchi wa Mara waliingoja kwa miongo mingi hadi ikakamilika. Akihitaji matibabu makubwa zaidi, husafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi Bugando, Mwanza. Huko mfupa huunganishwa kwa chuma, au mguu huvutwa kwa uzito kwa majuma mengi kitandani. Wapo ndugu wanaoona gharama na umbali huo, wakaamua kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa fundi wa mifupa wa kienyeji. Mafundi hao wana heshima yao, na wapo wanaojua mipaka ya kazi yao; lakini gango likikazwa kupita kiasi damu hukosa njia, nyama hufa, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa.

Baada ya hapo huja sehemu ndefu kuliko zote, ambayo haina kishindo na kwa hiyo haizungumzwi. Mfupa umeunga lakini msuli umenyauka. Goti limekakamaa. Mgonjwa anatembea kwa magongo, na mtaalamu wa tiba ya viungo anataka kumwona mara kwa mara, nauli yake ikitoka mfukoni. Kwa kawaida mtu aliyevunjika paja hupitisha nusu mwaka na zaidi kabla ya kuweza kazi nzito, na wengine hawaiwezi tena kamwe. Aliyekatwa mguu anahitaji mguu wa bandia. Tanzania ina mafundi wa kazi hiyo, kwani chuo cha kuwafunza kilianzishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mwaka 1981, kikawa tegemeo la nchi nyingi za Afrika. Lakini mguu wa bandia nao huchakaa, hulegea na hudai kubadilishwa.

Katika miezi hiyo yote nyumba inakula nini? Kwanza huuzwa kuku, kisha mbuzi, kisha ng'ombe kama yupo. Mke huongeza vibarua vya kulima mashamba ya watu. Mtoto mkubwa huacha masomo siku za mnada akauze karanga, baadaye huacha kabisa. Ni hapo ndipo mwalimu, aliye mbali na msitu, anapokutana na ajali hiyo bila kuitambua: anaikuta katika daftari la mahudhurio, kwa alama ya utoro mbele ya jina la mtoto. Adhabu ya viboko haitamponya mtoto huyo. Tatizo lake lilianza siku gogo lilipobingirika.

Hivyo basi kupona kuna sehemu tatu: kuunga kwa mfupa, kurudi kwa nguvu za mwili, na kurudi kwa riziki. Hospitali huweza ile ya kwanza na kusaidia ya pili. Ya tatu haina dawa hospitalini. Dawa yake ni haki iliyoandikwa.

SHERIA IPO

Haki hiyo haikuja kwa urahisi. Mwaka 1884 Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kwa wafanyakazi wake wa viwandani na migodini. Mwaka huohuo, Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara na majirani zake akikusanya mikataba ya hila iliyotumiwa kuinyakua nchi hii. Mfanyakazi wa Ulaya alianza kulindwa wakati mwenzake wa Afrika alikuwa anaanza kutumikishwa. Ilipita miaka 65 kabla serikali ya kikoloni ya Waingereza haijatunga, mwaka 1949, sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa Tanganyika. Sheria hiyo ilimwachia kila mwajiri mzigo wake, na viwango vyake viliachwa nyuma na thamani ya fedha hata vikawa kama kichekesho kwa aliyelemaa.

Baada ya hapo Tanzania ilijenga sheria zake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliifuta ile ya kikoloni na kuunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa Tanzania Bara, ulioanza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja katika ujira wake. Kiwango kilichoanza kwa asilimia 1 ya mishahara kwa sekta binafsi kimepunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma.

Mafao yake yanafuata hasa ile safari ya kupona iliyoelezwa. Yapo matibabu. Yapo malipo ya ulemavu wa muda, yaani asilimia 70 ya ujira wa mwezi kwa kipindi kisichozidi miezi 24, wakati mfanyakazi hawezi kazi. Ulemavu ukiwa wa kudumu na kuzidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Ukiwa chini ya hapo, malipo hutolewa kwa mkupuo. Yapo malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia aliyelemaa kiasi cha kutojimudu. Ipo huduma ya utengamao, ambayo ni kumrudisha mtu katika afya, katika kazi na katika jamii. Na mfanyakazi akifariki, upo msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wake.

Na sasa ipigwe hesabu ya yule kijana wa mfano. Kama ujira wake ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 260,000. Mchango wa asilimia 0.5 ni shilingi 1,300 kwa mwezi, fedha isiyonunua hata kilo moja ya sukari. Kwa mchango huo, akivunjika paja angepata shilingi 182,000 kila mwezi hadi aweze kazi, mbali na matibabu. Mbuzi asingeuzwa. Mtoto asingeacha shule. Nani atasema kwamba shilingi 1,300 zingemfilisi mwenye mti?

MWAJIRI NI NANI?

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Muulize mwenye mti, atajibu kwamba yeye hakuajiri mtu, alipatana na fundi. Muulize mwenye msumeno, atasema yeye alikodisha chombo tu. Muulize mfanyabiashara wa mbao mjini Musoma, atasema alinunua mbao, hakununua watu. Watatu hao wamegawana faida ya mti mmoja, lakini siku ya ajali hakuna hata mmoja aliye mwajiri. Wanamwita aliyeumia kuwa ni mtu aliyejiajiri, jina zuri ambalo hapa lina maana ya kwamba ajitibu mwenyewe. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechumia juani, na kivuli chake wamekikalia wengine.

Sheria haikubali ujanja huo kwa urahisi kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaelekeza kwamba mtu atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi iwapo mojawapo ya mambo kadhaa lipo: kama anasimamiwa namna ya kufanya kazi, kama saa zake zinapangwa na mwingine, kama anapewa vitendea kazi, kama anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, au kama katika miezi 3 iliyopita amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi. Kukosekana kwa mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu haki ya kuwa mfanyakazi. Lakini pasipo maandishi, ni nani atakayethibitisha saa hizo 45? Ni nani atakayethibitisha ujira wenyewe, ambao ndio msingi wa kukokotoa fao? Mnyonge hubaki na ushahidi wa wenzake wawili, ambao nao wanamwogopa mwenye kazi kwa sababu kesho watamhitaji.

Tena yafaa ukweli usemwe bila kuuma maneno. Waajiri wa namna hiyo si wafanyabiashara wa mbao peke yao. Shule inayomwita mtu aangushe mkaratusi uliozeeka karibu na darasa ni mwajiri wa siku hiyo. Kamati ya ujenzi wa zahanati inayopatana na wapasua mbao kwa ajili ya kenchi ni mwajiri. Mtumishi wa umma anayejenga nyumba yake Bunda, akamtuma kijana apande mti na msumeno mkononi, naye ni mwajiri. Mtumishi huyohuyo akiteleza na kuvunjika mkono akiwa kazini kwake, Mfuko wa Fidia utamhudumia, kwa sababu Serikali imemchangia. Je, ni haki aliyekingwa na sheria amwache nje ya kinga hiyohiyo mtu anayemfanyia kazi ya hatari mara mia kuliko yake?

Wako pia wanaodai kwamba mambo ya mikataba na michango ni ya viwandani, na kwamba vijijini watu husaidiana. Ni kweli kwamba watu wa Mara husaidiana. Mgonjwa hapelekwi Mwanza bila majirani kuchanga. Lakini mchango wa majirani huisha mwezi wa kwanza, na mguu hupona mwezi wa saba. Undugu ulio na macho hauishii kwenye mchango wa nauli. Hutaka ndugu awe na haki ambayo haitegemei huruma ya mtu. Bima ya Afya kwa Wote, iliyowekewa sheria mwaka 2023, ni hatua kubwa nayo, kwa kuwa inalenga kumwondolea mwananchi hofu ya gharama za matibabu. Hata hivyo bima ya afya hulipa dawa; hailipi ujira uliopotea. Zote mbili zinahitajika.

KALAMU YA MTUMISHI

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotenganisha wavuja jasho na wanyonyaji, halikumsahau asiyejiweza. Lilitambua kwamba watoto, wazee na vilema wana haki ya kutegemea jasho la wenzao bila kuhesabiwa kuwa makupe. Mtu aliyelemaa akitafuta riziki kwa kazi halali ana haki hiyo mara mbili, kwani alikuwa mvuja jasho jana, na ulemavu wake umetokana na jasho hilohilo. Tena, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974 na kutoa Azimio la Musoma, iliiunganisha elimu na kazi, na kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Musoma ni jina linalowakumbusha walimu wa nchi nzima kwamba shule na kazi ni kitu kimoja. Itakuwa aibu iwapo katika mkoa huohuo shule itajua thamani ya kazi bila kujua thamani ya mfanya kazi.

Yanayotakiwa kufanywa hayangoji bajeti mpya. Kila shule, zahanati, ofisi ya kijiji na kata inayomwita mtu kukata au kupasua mti, iwe na daftari moja, na kabla msumeno haujawashwa liandikwe jina la mfanyakazi, tarehe, kazi, ujira, na jina la aliyemwajiri, kisha wote wawili waweke sahihi. Anayepewa zabuni ya mbao au madawati aulizwe, pamoja na hati zake za kodi, cheti cha kusajiliwa katika Mfuko wa Fidia. Asiye nacho asipewe kazi ya umma. Ajali ikitokea, taarifa itolewe mara moja, kwani sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ndani ya siku 7, na madai yakicheleweshwa kupita miezi 12 haki yaweza kupotea. Mtendaji wa kijiji ajue jambo hilo kama anavyojua tarehe ya mikutano yake.

Walimu nao wana nafasi yao. Huduma ya kwanza ifundishwe kwa vitendo: kufunga gango, kuzuia damu, kumbeba aliyevunjika. Mtoto wa darasa la saba wa leo ndiye mpasua mbao, au mwenye mti, au mtendaji wa kijiji wa kesho. Na mwalimu anapoona utoro umeanza ghafla katika nyumba iliyokuwa na utaratibu, aulize kwanza kama baba au mama ameumia kazini. Barua moja ya mwalimu, iliyoandikwa kwa wakati, yaweza kufungua njia ya haki ambayo mgonjwa kitandani hakujua kwamba ipo.

Lipo pia jambo lililo juu ya uwezo wa daftari. Mpasua mbao aliyejiajiri kweli, anayekata mti wake mwenyewe kwa msumeno wake mwenyewe, hayumo katika Mfuko wa Fidia, kwa kuwa Mfuko huo umejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wenye mikataba. Ni wavuvi, wachimbaji wadogo wa dhahabu, waendesha pikipiki, mafundi wa kila aina. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wenye ajira haina budi kupanuliwa ili kila anayetoka jasho aweze kuchangia kidogo na kulindwa. Hoja hiyo yafaa iletwe katika vikao vya Chama, kuanzia shina hadi Taifa, na vyama vya wafanyakazi viibebe hata kama wahusika si wanachama wao. Shirika la Kazi Duniani lenyewe, mwezi Juni 2022, liliyaweka mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Halikusema kwamba haki hiyo ni ya wenye ofisi tu.

Bendera ya Chama Cha Mapinduzi, tangu Chama kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, ina jembe na nyundo: jembe la mkulima na nyundo ya mfanyakazi. Afisa misitu naye ana nyundo yake, ambayo kila gogo halali hugongwa nayo kabla ya kusafirishwa. Nchi iliyoweza kuhakikisha kwamba gogo halitoki Butiama kwenda Musoma bila alama, haiwezi kushindwa kuhakikisha kwamba mkataji wa gogo hilo ana mstari mmoja katika daftari. Wino wa kuuandika mstari huo umo mikononi mwa watumishi na walimu wa Mara, na kesho asubuhi, mahali fulani kati ya Bunda na Musoma, mtu atawasha msumeno.